Zenodo, Software Heritage, JOSS au SoftwareX: programu ya utafiti uiweke wapi ili uhesabiwe?

Chukua mfano huu. Mtafiti ameandika programu ya Python ya mistari elfu nne hivi, ya kusafisha takwimu za mvua za vituo vya hali ya hewa. Inaondoa siku zilizorudiwa, inanasa inchi zilizoandikwa mahali pa milimita, inajaza mapengo kwa kuangalia vituo jirani. Tasnifu imekwisha. Wenzake wanaitumia, na kwenye makala zao wanaandika "takwimu zilisafishwa kwa programu ya Python", basi. Jina la programu halimo, toleo halimo, wala pa kuipata. Siku ya kujaza fomu ya kupanda cheo, kazi ya miaka miwili haina mstari wa kuandikwa.

Mmoja atamshauri aiweke Zenodo, ghala la mtandaoni la kazi za utafiti. Mwingine atamwambia aandike makala ya JOSS, jarida la programu za utafiti. Wa tatu atamwambia atafute jarida lililomo Scopus, faharasa kubwa ya majarida. Wote watatu wako sahihi, ila kila mmoja anajibu swali lake. Hapa kuna maswali mawili. La kwanza: baada ya miaka kumi, msomaji ataipataje programu ileile iliyotoa majibu yale? La pili: nani atamhesabia mwandishi kazi hii, na anahesabu kwa kipimo gani? Zenodo na Software Heritage, ghala jingine, la msimbo (maandishi ya programu), zinajibu la kwanza. JOSS, SoftwareX na majarida ya fani yanajibu la pili. Kwa hiyo usizipange zote nne kwenye mstari mmoja ukatafuta mshindi. Chagua moja upande huu, kisha uamue kama unahitaji moja upande ule.

| | Zenodo | Software Heritage | JOSS | SoftwareX |
|---|---|---|---|---|
| Inaendeshwa na | CERN | Inria ya Ufaransa, kwa ushirikiano na UNESCO | wahariri wa kujitolea | Elsevier |
| Unapata | DOI (kitambulisho cha kudumu cha kidijitali) ya kila toleo, na DOI moja ya yote | kitambulisho cha SWHID | makala fupi yenye DOI | makala yenye DOI |
| Mkaguzi | hakuna | hakuna | wapitiaji wawili au zaidi, hadharani | wapitiaji wa jarida, faraghani |
| Programu inaendeshwa na mkaguzi? | hapana | hapana | ndiyo | si lazima |
| Gharama | bure | bure | bure | ada ya uchapishaji |
| Muda | dakika | dakika hadi saa | wiki hadi miezi | miezi |

Kwa nini GitHub peke yake haitoshi

Kiungo cha GitHub, tovuti ambako watu huweka msimbo wao, ni anwani ya nyumba ya kupanga. Mwenye akaunti akibadilisha jina la akaunti, akifuta hazina (folda ya mradi) au akiifunga, kiungo kwenye makala yako kinaishia hewani. Na usiseme kampuni kubwa haifungi duka. Google Code ilitangaza kufunga Machi 2015 na ikazimwa Januari 2016. Bitbucket iliacha kuhudumia hazina za Mercurial mwaka 2020 na kuziondoa. Makala zilizokuwa zimeandika viungo vile hazikurekebishwa; makala iliyochapwa hairudi nyuma.

Kuna tatizo la pili ambalo watu hulisahau: hata kiungo kikiwa hai, kinaonyesha programu ilivyo leo. Makala ilitumia toleo la Machi, msomaji anafungua Desemba, kanuni ya kujaza mapengo imeshabadilishwa, majibu hayalingani, na mtafiti anaonekana amepika takwimu.

Zenodo: hapa ndipo pa kuanzia, na hapa ndipo makosa mengi hutokea

Zenodo ilifunguliwa mwaka 2013, na jina lake linatoka kwa Zenodotus, mkutubi wa kwanza wa maktaba ya Alexandria kule Misri. Inapokea kifurushi cha hadi GB 50 kwa rekodi moja, bila malipo, na inatoa DOI yenye kianzio 10.5281. Kwa aliyezoea kununua bando, kuna jambo zuri: ukiunganisha Zenodo na GitHub, faili husafiri kati ya seva na seva. Wewe unabonyeza tu.

Utaratibu wake ni mfupi. Ingia Zenodo kwa akaunti yako ya GitHub. Fungua ukurasa wa GitHub kwenye mipangilio, sasisha orodha ya hazina, washa swichi ya hazina yako. Kisha rudi GitHub utoe toleo rasmi, mfano v1.0.0. Baada ya dakika chache Zenodo inakuwa imechukua kifurushi cha zip na kukipa DOI.

Mpangilio wa hatua hizo ndio unaowaangusha wengi. Zenodo huchukua matoleo yanayotolewa baada ya swichi kuwashwa. Aliyetoa v1.0.0 jana na kuwasha swichi leo atasubiri bila kitu kutokea. Tagi tupu ya Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo, nayo haitoshi. Lazima iwe toleo rasmi lililotolewa kupitia ukurasa wa matoleo. Dawa ni kutoa v1.0.1. Usikimbilie kupakia zip ya v1.0.0 kwa mkono, kwa sababu rekodi uliyoipakia kwa mkono na zile zitakazoletwa na GitHub baadaye zitakuwa familia mbili tofauti, kila moja na DOI yake ya jumla, na rejea zako zitagawanyika kati yake.

Hizo DOI mbili zinachanganya hata wazoefu. Kila toleo lina DOI yake, na juu yake ipo DOI moja inayowakilisha matoleo yote, ambayo ukiifungua inakupeleka kwenye la karibuni. Kwenye README, faili ya maelezo ya hazina, weka ile ya jumla. Kwenye sehemu ya mbinu ya makala ya kisayansi weka ya toleo lenyewe, kwa sababu pale unasema "nilitumia hii", si "nilitumia mojawapo ya hizi". Anayeweka ya jumla kwenye makala amerudi kulekule kwenye tatizo la kiungo cha GitHub, ila kwa nguo nzuri zaidi.

Halafu majina. Usipoiambia Zenodo waandishi ni akina nani, inachukua orodha ya wachangiaji wa GitHub. Aliyejiandikisha kwa jina la utani bila kuweka jina lake kamili atatokea kwenye rekodi ya kisayansi kwa jina hilohilo la utani. Aliyerekebisha koma moja kwenye README atakuwa mwandishi. Aliyebuni kanuni nzima ubaoni lakini hakuwahi kugusa Git hatakuwemo. Kinga ni faili moja ndogo inayoitwa CITATION.cff, unayoiweka kwenye mzizi wa hazina:

```
cff-version: 1.2.0
message: "Ukitumia programu hii, irejelee hivi."
type: software
title: "Jina la programu"
authors:
  - family-names: "Jina la mwisho"
    given-names: "Jina la kwanza na la kati"
    orcid: "https://orcid.org/0000-0000-0000-0000"
version: 1.0.1
date-released: 2025-03-14
license: MIT
```

Sifuri hizo za ORCID, namba ya kumtambulisha mtafiti, ni za mfano. Weka tarakimu zako 16, na uziweke zikiwa na anwani nzima ya https mbele. Tarakimu tupu zinaifanya faili isipite ukaguzi. Tangu Julai 2021 GitHub inaisoma faili hii na kuonyesha kitufe cha kunakili rejea pembeni mwa hazina, kwa hiyo kazi moja inalipa mara mbili.

Kwenye majina, wenye majina matatu, lako, la baba na la babu, wanapoteza rejea nyingi kuliko wengine. Makala moja inakuandika kwa jina la babu, nyingine kwa la baba, na mashine za kuhesabu zinaona watu wawili. Amua mara moja lipi ni la mwisho, liandike hivyo kwenye ORCID, kwenye CITATION.cff na kwenye kila makala.

Mambo matatu zaidi kuhusu faili hii. Kama hazina ina pia .zenodo.json, Zenodo inaifuata hiyo na kuiacha CITATION.cff kabisa, ukirekebisha majina kwenye moja na kusahau nyingine utashangaa mbona hayabadiliki. Koma iliyozidi mwishoni mwa orodha ndani ya .zenodo.json inatosha kuliangusha toleo zima, na hitilafu yenyewe inaonekana kwenye ukurasa wa GitHub ulio ndani ya Zenodo, mahali ambapo hakuna anayeangalia. Na mistari ya version na date-released haijisasishi. Ongeza hatua ya kuibadilisha kwenye orodha yako ya kabla ya kutoa toleo, kisha endesha `cffconvert --validate`.

Kuhusu kilichomo ndani ya zip: vijihazina vilivyounganishwa kwa utaratibu wa submodule havimo, na folda yake hutokea tupu. Faili kubwa zilizo kwenye Git LFS nazo si za kutegemea. Fungua zip ya Zenodo kwenye kompyuta nyingine, isakinishe, uiendeshe. Kama haiendi, umehifadhi ganda. Ukitaka kujifunzia bila kuchafua rekodi, ipo sandbox.zenodo.org, inayofanya kila kitu isipokuwa kutoa DOI ya kweli.

Software Heritage: ghala lisiloomba ruhusa

Mradi huu ulizinduliwa 2016 na Inria, taasisi ya Ufaransa ya utafiti wa kompyuta, na UNESCO ikaungana nao mwaka uliofuata. Lengo lake ni kukusanya msimbo wote ulio wazi duniani, na huenda wako umo tayari bila wewe kujua. Bandika anwani ya hazina kwenye sanduku lao la kutafuta. Ukikosa, omba ihifadhiwe. Huhitaji akaunti, wala kuwa mwenye hazina. Hapo ndipo inapoishinda Zenodo kabisa: programu ya mwenzako aliyestaafu, iliyolala kwenye akaunti isiyoguswa tangu 2014, unaweza kuiokoa wewe mchana huu.

Kitambulisho chake ni SWHID, ambacho mwaka 2025 kilifanywa kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 18670. DOI hupangwa na mtu na kuandikwa kwenye daftari. SWHID hukokotolewa kutoka kwenye maudhui yenyewe. Hukipewi, kipo tayari, kama alama ya kidole. Badiliko lolote la Git lina herufi na tarakimu 40; ziandike baada ya `swh:1:rev:` na umeshapata kitambulisho. Faili moja inaanza na `swh:1:cnt:`, na unaweza kuongeza `;lines=112-140` mwishoni ili umpeleke msomaji kwenye ile mistari 29 iliyojaza mapengo ya mvua. DOI haikufikishi karibu kiasi hicho.

Udhaifu wake uko kwenye hesabu ya sifa. Rekodi haina orodha ya waandishi uliyoipanga wewe, na kitambulisho kile kirefu hakiingii vizuri kwenye mashine za majarida zinazotafuta DOI. Ni ushahidi bora wa kilichotumika, ila ni hafifu kama hati ya kumpa kamati.

Na kuna hatari moja inayotofautisha ghala hizi mbili. Zenodo inachukua picha ya hazina kama ilivyo siku ya toleo. Software Heritage inachukua historia nzima. Nywila uliyoisahau ndani ya faili ya mipangilio mwaka juzi ukaifuta siku iliyofuata, au jedwali la wagonjwa lenye majina uliloliingiza kwa bahati mbaya na kuliondoa, bado limo kwenye historia, na litahifadhiwa pamoja na mengine. Chunguza kwanza kwa `git log --all --stat`, ukitafuta faili za csv, xlsx na .env. Ukikuta kitu, safisha historia kwa git-filter-repo kabla hazina haijawa wazi, na nywila ibadilishwe hata hivyo.

JOSS: makala ni fupi, kazi iko kwenye programu

JOSS, yaani Journal of Open Source Software, ilianza 2016. Haitozi mwandishi wala msomaji. Makala yake ni ya kurasa chache, imeandikwa kwa Markdown kwenye faili ya paper.md ndani ya hazina ileile ya programu, na rejea zake ziko paper.bib. Haitaki matokeo ya utafiti. Inataka programu inafanya nini, ni ya nani, na ina tofauti gani na zilizopo.

Anayedhani ufupi huo ni wepesi atakutana na orodha ya ukaguzi. Wapitiaji wanaisakinisha programu kwenye mashine zao na kujaribu mifano yako. Wanaangalia kama kuna majaribio yanayojiendesha, kama maelekezo yanamfaa mtu asiyekujua, kama mchangiaji mgeni ameelezwa pa kuripoti hitilafu, na kama leseni ipo na imekubaliwa na OSI (Open Source Initiative), shirika linaloidhinisha leseni za programu huria. Yote haya yanafanyika hadharani kwenye ukurasa wa GitHub, kila mtu anasoma. Ukibishana na mpitiaji, mabishano yatabaki pale miaka yote. Wanaoona haya kukosolewa mbele za watu wajue hilo mapema, ingawa kwa kawaida lugha ya mapitio haya ni ya upole kuliko ya majarida ya siri, na mpitiaji mara nyingi hukuletea rekebisho lenyewe badala ya lawama.

Yanayorudisha maombi ni haya. Leseni ya Creative Commons juu ya msimbo, hasa ile inayokataza biashara. Creative Commons wenyewe hawashauri leseni zao zitumike kwa programu. MIT, BSD, Apache 2.0 au GPL zinapita. Pili, programu ndogo mno. Kwa miaka mingi mwongozo ulikuwa na vipimo vya kukadiria: angalau miezi mitatu ya kazi ya mtu mmoja, iliyo chini ya mistari 1,000 inatiliwa shaka, iliyo chini ya 300 inarudishwa mlangoni. Masharti yanabadilika, kwa hiyo soma mwongozo uliopo siku unapotuma. Tatu, historia ya hazina. Mhariri akikuta msimbo wote umemwagwa kwa mkupuo mmoja wiki iliyopita, atauliza maswali, kwa sababu hawezi kuona kazi ilivyokua wala nani alifanya nini. Anayefikiria JOSS mwakani aanze kufanya kazi kwenye hazina ya wazi leo.

Mwendo wenyewe: unatuma, mhariri anafungua ukurasa wa utangulizi, wapitiaji wanatafutwa. Kungoja wapitiaji ndiko kunakokula muda, na hakuna namna ya kukuharakisha zaidi ya kupendekeza majina yanayofaa. Roboti ya wahariri inapokea amri kwenye maoni. `@editorialbot generate pdf` inatengeneza makala upya, `@editorialbot check references` inaonyesha rejea zilizokosa DOI. Mwishoni unaombwa utoe toleo jipya lenye marekebisho yote, ulihifadhi Zenodo au mahali pa aina hiyo, na utaje DOI yake. Kichwa cha habari na orodha ya waandishi kwenye rekodi ya Zenodo lazima vilingane na makala. Hapa ndipo yale majina ya utani yanapokurudia.

Wenye vifurushi vya lugha ya R wapitie kwanza rOpenSci, na wa Python pyOpenSci, jumuiya zinazokagua vifurushi vya lugha hizo. Mapitio yao ni ya kina zaidi kwa lugha husika, na kifurushi kikikubaliwa huko JOSS haikipitii tena upya. Unapata mawili kwa jasho moja.

SoftwareX na majarida ya fani

SoftwareX ya Elsevier ilianza 2015. Makala yake haizidi maneno 3,000 na michoro sita, na ina kiolezo chenye jedwali la lazima mwanzoni: toleo, kiungo cha kudumu, leseni, lugha, vitegemezi, anwani ya msaada. Msomaji anayejua makala za kawaida atajisikia nyumbani. Mpitiaji anaangalia zaidi maandishi na umuhimu wa programu. Kuisakinisha ni hiari yake. Toleo kubwa jipya linaweza kupata makala fupi ya masasisho, jambo zuri kwa programu inayoishi muda mrefu.

Kikwazo ni ada. Angalia kiwango cha siku unapotuma, na uangalie nchi yako iko kundi lipi kwenye orodha ya Research4Life: kundi A kwa kawaida husamehewa yote, kundi B nusu. Soma pia masharti kuhusu waandishi wenza walio nje ya nchi hizo. Ulizia kabla ya kutuma, si baada ya kukubaliwa, wakati ankara imeshatoka.

Majarida ya fani yanapendelewa kuliko yanavyosifiwa. Computer Physics Communications inachapisha programu za fizikia tangu 1969. Journal of Statistical Software, tangu 1996, ni bure pande zote na ina heshima kubwa kwa wanatakwimu, lakini mapitio yake ni ya polepole. Usiitegemee kama fomu yako inafungwa mwaka huu. Geoscientific Model Development inataka jina la modeli na namba ya toleo kwenye kichwa cha makala, na haikubali GitHub kuwa hifadhi. Inataka toleo lenyewe liwe kwenye ghala la kudumu kama Zenodo. Kwa yule wa takwimu za mvua, jarida la fani ndilo linalosomwa na watu watakaoitumia programu yake, na hilo lina uzito kuliko jina la mchapishaji.

Usitume programu ileile JOSS na SoftwareX. Makala moja ya programu na nyingine ya matokeo ya utafiti ni sawa. Makala mbili za kueleza kitu kilekile ni kuchapisha mara mbili.

Makala inapoganda na programu inaendelea

Hapa ndipo upande wa sifa unapokuwa mgumu. Matplotlib, maktaba ya michoro inayotumiwa kila maabara, inarejelewa kwa makala ya mwaka 2007 yenye mwandishi mmoja, John D. Hunter, aliyefariki 2012. Mamia ya watu wameiandika upya na kuipanua tangu hapo. Hakuna hata mmoja wao aliye kwenye rejea ile. Ndiyo maana mradi unaorodhesha pia DOI ya Zenodo ya kila toleo. Astropy, maktaba ya wanaastronomia, ilichagua njia nyingine: makala mpya kila baada ya miaka kadhaa, 2013, 2018 na 2022, kila moja ikiwa na orodha mpya ya waandishi, na watumiaji wanaombwa kuzirejelea zote. Ni mzigo kwa orodha ya rejea, lakini aliyejiunga 2019 anaonekana.

Kwa timu ya watu wawili watatu, njia ya Matplotlib inatosha mradi rekodi ya Zenodo iwe hai. Mkifika kumi na watu wanaingia na kutoka, pangeni makala ya pili kabla ugomvi haujaanza. Andikeni kwenye faili ya hazina kanuni ya nani anaingia kwenye orodha ya waandishi. Mistari mitatu inatosha.

Tahadhari moja ya CITATION.cff: sehemu ya preferred-citation. Ukiiweka, kitufe cha GitHub kinaonyesha makala na kuificha programu. Mwenye makala ya JOSS hupenda hivyo, na ni haki yake, ila mwambie mtumiaji kwenye README arejelee vyote viwili: makala kwa ajili ya sifa, DOI ya toleo kwa ajili ya ukweli wa matokeo. Kifurushi cha R kinaweza kusema hivyo chenyewe kupitia inst/CITATION, mtumiaji akiandika `citation("jina_la_kifurushi")`.

Na kama programu ni sehemu tu ya makala ya watu wengine, dai nafasi yako kwenye tamko la michango. Mfumo wa CRediT una nafasi 14, na Programu ni mojawapo. Ni mstari mmoja, na wahariri huuomba wakati wa kutuma, siku ambayo mwandishi mkuu ana haraka na anajaza kwa kukisia. Mpelekee maneno yakiwa tayari.

Basi nani achukue ipi

Hati ya mistari 200 iliyotengeneza michoro ya tasnifu: Zenodo, na mambo yaishe. Makala juu yake ni kujichosha.

Kifurushi kinachotumiwa na wengine, huna fedha, una majaribio na maelekezo au uko tayari kuyaandika: Zenodo kisha JOSS, ukipitia rOpenSci au pyOpenSci ikiwezekana.

Kamati yako inahesabu makala zilizomo kwenye faharasa fulani tu: usisikilize mtu, fungua faharasa hiyo leo, tafuta jarida kwa namba ya ISSN, na uchapishe ukurasa uliouona. Majarida huingia na kutoka. Kama JOSS haipiti kwenye kipimo cha kamati yako, nenda jarida la fani, na SoftwareX iwe ya pili. Tofauti hii haina uhusiano na ubora. Ukaguzi wa JOSS wa programu ni mkali kuliko wa mengi yanayopita kwenye kipimo hicho. Lakini fomu ni fomu.

Msimbo si wako, au mwenyewe hapatikani: Software Heritage.

Umeajiriwa na chuo au mradi wa wafadhili: kabla ya lolote, soma sera ya milki bunifu ya mwajiri uone nani ana haki ya kuweka leseni. Ikiwa si wewe, pata barua pepe yenye ruhusa na uitunze. Leseni iliyowekwa na asiye na haki haimlindi mtumiaji.

Na kwa anayetaka kuiona rejea iliyokamilika inavyokaa kwenye orodha ya makala, mpangilio ni huu: waandishi, mwaka, jina la programu, namba ya toleo, neno "programu ya kompyuta", ghala, DOI ya toleo. Kisha ndani ya sehemu ya mbinu: "Mapengo ya siku zisizozidi tatu yalijazwa kwa toleo 1.0.1 la programu hiyo, kwa mipangilio ya kawaida isipokuwa idadi ya vituo jirani, iliyowekwa 5." Mhariri akisema programu haziwekwi kwenye orodha ya rejea bali kwenye tanbihi, mwombe kwa adabu aiweke kwenye orodha; mashine zinazohesabu rejea hazisomi tanbihi.